Namba Niliyoitaja Nikiwa Juu ya Mparachichi

Jamani, leo nimeaibika mpaka nimejionea huruma mwenyewe. Niko hapa sebuleni Njoro, saa kumi jioni, buti bado miguuni, naandika haraka kabla hamjasikia kwa wengine. Maana mtasikia. Mashahidi walikuwa kama kumi na nne.

Wengi mnanijua. Elisante, fundi wa miti. Mti ukiegemea bati lako, mimi ndiye napanda na kamba na chenso, ule msumeno wa injini, nauteremsha kipande kwa kipande bila kukuvunjia hata kikombe. (Kupanda naweza. Kudai hela siwezi. Kudai ilikuwa kazi ya mke wangu, Mama Glory. Alikuwa anampigia mteja, anamsalimia, anamuuliza habari za magoti yake, na kabla hawajaagana hela imeshaingia. Mama Glory tulimzika miezi miwili iliyopita. Tangu hapo nadai mwenyewe, na nadai kama mtu anayefukuza mbwa.)

Sasa sikilizeni.

Wiki tatu zilizopita nilikata mparachichi mkubwa kule Uru, kihambani, yaani shamba la nyumbani, kwa Mwalimu Ndeshi. Huyu mama alinifundisha Kiswahili darasa la tano. Ni mstaafu, alikuwa Dodoma kwa mwanae tangu Krismasi, karudi nyumbani akakuta mti umelilalia jiko lake. Tukapatana laki tatu na nusu. Laki moja alinipa mkononi. Iliyobaki akasema atatuma kwa simu siku kazi ikiisha.

Kazi ikaisha. Hela sikuiona.

Siku ya tatu nikampigia.

"Shikamoo mwalimu. Ile hela vipi?"

"Marahaba. Nilishalipa, Elisante."

"Mwalimu, huku hakijaingia kitu."

"Nimesema nilishalipa." Akakata.

(Palikuwa na swali moja tu la kuuliza pale. Moja! Mtoto wa chekechea angeliuliza. Mimi sikuliuliza.)

Nikapiga tena, na tena. Mara ya nne nikamwambia, "Mwalimu, usinifanye mtoto." Kuanzia hapo akaacha kupokea. Nikaona isiwe tabu, nikaandika barua ya madai, ya kiofisi kabisa, nikampa bodaboda aipeleke. Kesho yake ikarudi. Imesahihishwa kwa kalamu nyekundu! Nilikuwa nimeandika "nina kudai", kaiunganisha. "Halali yangu" kaipigia mstari, pembeni kaandika: "Thibitisha." Chini kabisa: "Tisa kati ya ishirini. Hasira nyingi, hoja chache. Na nilishalipa."

Hapo nikawaka. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akatupangia leo saa nne asubuhi.

Nikavaa shati la kanisani. Njia nzima ndani ya pikapu nafanya mazoezi ya hotuba. Kufika, ofisi imejaa. Kuna waliofuata barua za utambulisho, kuna wazee wawili wanaogombea zamu ya maji ya mfereji, kuna mama na kuku wake sijui alikuwa anamshtaki nani. Mwalimu Ndeshi kakaa benchi la mbele, mgongo wima, kitenge kimepigwa pasi.

"Shikamoo mwalimu," nikasema kwa mazoea.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, mwalimu." (Ndiyo, nilikuwa nimekuja kumshtaki.)

Mwenyekiti akasema, "Haya fundi, eleza shida yako."

Nikasimama. Jamani, niliongea! Nikaongea habari ya kamba zangu, ya mafuta ya chenso, ya mgongo wangu. Nikasema kuna watu wanajificha nyuma ya heshima zao. Kisha nikanyoosha kidole, kidole hiki hiki ninachoandikia, nikasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, huyu mama ni tapeli."

Ofisi nzima ikanigeukia. Hata kuku.

Mwalimu hakupandisha sauti. Akatoa miwani, akaivaa. Akatoa simu, akaitafuta meseji polepole, akaninyooshea.

"Soma. Kwa sauti, wote wasikie."

Nikaichukua kwa dharau. Nikaanza kusoma kama niko ubaoni. "Umetuma shilingi laki mbili na nusu kwenda kwa Aikaruwa..."

Nikaishia hapo.

"Endelea," akasema mwalimu.

Sikuweza. Jina lile nilikuwa sijaliona limeandikwa mahali popote tangu nilipoliona msalabani kaburini. Watu wote walizoea kumwita Mama Glory, hata mimi. Aikaruwa lilikuwa jina la kwenye vyeti, na la kwenye laini ya simu.

Mwenyekiti akaniuliza, "Huyo Aikaruwa ni nani? Unamfahamu?"

"Ni mke wangu."

Weee! Ofisi ililipuka. Wazee wa mfereji walisahau ugomvi wao wakashikana mikono kwa kicheko. Mwenyekiti naye akapiga meza. "Fundi! Hela iko ndani kwako halafu unatusumbua huku? Nenda kamuulize mkeo! Kakuficha huyo!"

Na mimi nikacheka. Sijui kwa nini. Nilicheka nao kabisa, meno yote nje, nikitikisa kichwa kama mtu aliyekamatwa. Halafu kile kicheko kikageuka katikati ya njia. Nikasikia sauti fulani mbaya, nikajiuliza nani analia namna hiyo. Kumbe ni mimi.

Mimi mwenye futi sita. Shati la kanisani. Mbele ya watu kumi na nne na kuku.

Mwalimu akasimama. "Elisante. Kuna nini?"

"Mwalimu, Mama Glory hayupo. Tulimzika."

Akafunika mdomo kwa kiganja. Kisha akaniketisha pale benchini pembeni yake, akanipa upande wa kitenge chake nijifute. Yule mama wa kuku akasogea kunipisha.

"Sikujua," mwalimu akasema. "Nilikuwa Dodoma, hakuna aliyeniambia. Siku ile ulikuwa bado juu ya mti, nikakuuliza nitume namba gani, ukanitajia bila hata kufikiri. Jina lilipotokea nikasema moyoni, huyu mwanafunzi wangu kawa mwanamume wa maana, hela anampa mkewe."

Hapo ndipo nikakumbuka. Nilikuwa nimeng'ang'ania tawi kwa mkono mmoja, chenso mkono wa pili. Akauliza kutoka chini, nami nikamjibu kwa kelele. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikiitaja namba ile ile kwa kila mteja. Mdomo ulijisemea wenyewe.

"Nisamehe, mwalimu. Nimekuita tapeli."

"Nami nisamehe. Kunyoosha tu hii simu mapema kungetosha. Niliona ni dharau, mwanafunzi wangu kunitaka ushahidi." Akavua miwani. "Kiburi cha ualimu."

Mwenyekiti alikuwa anaangalia meza yake. Akaja kunishika bega, akasema pole, akasema kesi imefungwa. Wale wazee waliocheka sana wakanifuata mmoja mmoja kunipa mkono, kama vile msiba ni wa leo. Na kweli kwangu ulikuwa wa leo. Siku ya mazishi mimi nilikuwa nashughulika na viti na turubai. Sikulia.

Nikarudi nyumbani. Simu ya Mama Glory ilikuwa kabatini, ndani ya mkoba wake, sijaigusa tangu ile siku. Binti yangu Glory akaichaji. Ilipowaka, meseji zikaanza kuingia. Ya mwalimu ikawemo. Halafu ikaja ya yule mteja wa Sanya Juu niliyemwambia hata Biblia anayobeba ni ya kuazima. Halafu ya mkulima wa Chekereni niliyemwombea mpunga wake ukauke. Wote walilipa! Siku ile ile! Wote niliwatukana!

Glory ananiangalia tu. "Baba. Umegombana na wangapi?"

Hela zenyewe hazitoki mpaka nipeleke cheti cha kifo kwa kampuni ya simu. Sijakifuata bado. Nilikuwa naahirisha, kila wiki nina mti. Jumatatu nitakwenda. Kesho asubuhi nakata majani ya sale, maana huku kwetu ukimpelekea jani hilo mtu uliyemkosea, hawezi kukataa kukusamehe. Napita Sanya Juu, nashuka Chekereni, kisha namalizia Uru kwa mwalimu.

Glory amesema sipandi mti mwingine mpaka nijue namba yangu mwenyewe kwa kichwa. Ameniandikia kwenye karatasi, nimekaa naisoma kwa sauti tangu nirudi. Kila nikifika tarakimu ya nne, mdomo unakata kona unaingia kwenye ya Mama Glory.

Msinicheke, jamani. Najaribu tena.