Chini ya Meza ya Ukweni

Leo nimeadhirika ukweni. Nimefika nyumbani, nimejifungia chumbani, hata chakula sikitaki.

Mchumba wangu anaitwa Zawadi. Baba yake, mwalimu mstaafu pale Ipuli, ana kompyuta ya mezani iliyozeeka; ukiiwasha asubuhi, inaamka ukishamaliza chai. Humo ndimo anamoandika habari za ukoo wao, tangu mababu waliobeba pembe za ndovu kwa miguu hadi Bagamoyo. Miaka sita, kwa kidole kimoja. Barua ya posa niliipeleka mwezi uliopita, jibu bado. Nikaona nijipendekeze. (Hapo ndipo nilipojiroga.)

"Baba, nitakufungia diski mpya ya SSD," nikamwambia. "Itakimbia."

"Na maandishi yangu?"

"Yote yatahamia. Hii ndiyo kazi yangu."

(Kazi yangu ni kutoa fotokopi. Mambo ya diski nimejifunza kwenye video.)

Leo saa nne nikaanza. Nikafungua ubavu wa mashine, nikapuliza vumbi, nikafunga diski mpya kando ya ile ya zamani, nikaanza kunakili. Ya zamani ilikuwa inagonga kwa ndani, tik, tik. Nilijua maana yake: iko mahututi. Sikumwambia mzee, naye akatoka kwenda kwa jirani. Mama mkwe alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, ndiyo maana nilithubutu kukaa chumba kile. Kwetu, mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai chumba kimoja. Mmoja anampisha mwenzake.

Kufika asilimia tisini na moja, nikasikia ndala za mama mkwe koridoni. Mlango ni mmoja tu. Mtu mwenye akili angekohoa, mama angejua kuna mkwe, angegeuza. Mimi nikaingia chini ya meza. (Na mwili wenyewe huu si wa kujificha.)

Akaingia, akaketi kwenye kiti changu, akampigia simu dada yake.

"Aa, kijana mwenyewe hana neno," akasema. "Ana adabu."

Nikajikunja zaidi ili adabu hiyo isionekane. Goti likachomoa waya wa umeme. Mashine ikazima. Na lile vumbi nililopuliza lote lilikuwa limetua huku chini. Nikapiga chafya.

Mama hakupiga kelele. Alijifunika uso kwa kanga, akageukia dirisha, akaita kwa jirani: "Baba Zawadi, njoo umtoe mkweo chini ya meza."

Nilitoka kinyumenyume, makalio yakitangulia, mzee keshafika mlangoni. Akachomeka waya, akawasha mashine mwenyewe. Diski ya zamani ikagonga mara mbili, haikugonga tena. Ile mpya ilikuwa na vipande vipande tu, haisomeki. Nilitaka kulia, na sitanii.

"Miaka sita," mzee akasema polepole.

"Nisamehe, baba."

"Na jibu la posa yako nililimaliza kuandika jana. Limo humo humo."

Nikajikaza, nikamuuliza lilisemaje.

"Fufua mashine, utalisoma mwenyewe."

Naombeni msinicheke. Anayemjua fundi wa kufufua diski, hata kama yuko Nzega, aniambie leo hii. Mwenzenu sijui nimekubaliwa au nimekataliwa.