Samaki wa Kijana Wako Amekataa Chakula Changu

Molo,
Jumatano asubuhi.

Kwa Mzee Bethwel,
Ndabibi, Naivasha.

Mzee wangu wa heshima,

KUH: SAMAKI ANAYEGOMA KULA KATIKA NYUMBA YANGU

Naanza na salamu kwa sababu nililelewa vizuri. Huku Molo baridi ni ile ile, viazi vimekubali, ng'ombe wanakamuliwa. Ningesema sote ni wazima, lakini ningekuwa nadanganya mtu ambaye huenda akawa mkwe wangu. Mimi si mzima. Mimi nimekosewa, na aliyenikosea ana urefu wa kidole changu cha mwisho.

Unakumbuka ile siku mlikuja kwetu kujitambulisha, wewe na mwanao Khaemba, ambaye anamtaka binti yangu Becky. Kijana hakuja mikono mitupu, hilo nakubali. Yeye ana kibanda chake pale Bondeni, Nakuru mjini, anatengeneza matangi ya vioo ya kufugia samaki wa mapambo na kuyauza kwa mahoteli. Basi akatuletea moja. Mimi nilitarajia blanketi kama akina mama wengine, lakini nilipokea kwa mikono miwili. Tangi lenyewe si kubwa, linatoshana na kreti ya mkate. Ndani kuna maji ya chumvi, mawe, kimashine cha kuzungusha maji, na samaki mmoja, zambarau mbele na manjano nyuma kama sare ya kwaya yetu. Tulimweka sebuleni juu ya kabati, chini ya picha ya harusi yangu na Hiram. Hapo ndipo mahali pa heshima katika nyumba hii. Hata redio haijawahi kuwekwa hapo.

Tangu siku hiyo sijamwona akila. Kwa hivyo nakuandikia wewe, baba ya kijana, malalamiko haya rasmi. Nimeyawekea nambari ili mtu asije akasema mama wa Molo alikuwa anabwabwaja tu.

1. Amekataa chakula cha kwao. Khaemba alituachia kopo la punje na pakiti ya vijidudu vya bahari vilivyogandishwa, ambavyo sasa vinalala kwenye friji yangu ubavuni mwa kuku. Alisema tumpe kidogo asubuhi na kidogo jioni. Nikafanya hivyo. Na kwa kuwa kwetu mgeni haachwi ale peke yake kama mfungwa, nilivuta kiti nikaketi mbele yake. Nikamwambia karibu, jisikie nyumbani. Nikagonga kioo na ukucha, polepole, kama mtu anayebisha hodi. Akaingia nyuma ya jiwe. Nikahamisha kiti upande wa pili ili tuonane. Naye akahama. Mzee, tulizunguka hilo jiwe mpaka uji wangu ukapoa jikoni. Hiram anadai ati chakula hupungua nikishatoka. Mimi nimemwambia ni kile kimashine kinakimeza, kwa sababu mtu mwenye njaa hangojei nitoke.

2. Nilionja na bado akakataa. Unajua mila: mgeni akisitasita, mwenyeji huonja kwanza, ili mgeni atulie moyo kwamba hakuna mkono mbaya ndani ya chakula. Basi nikachukua kijidudu kimoja, nikakiyeyusha, nikakiinua akione vizuri, nikakila. Ladha yake sitaiweka kwenye maandishi. Nilimeza huku natabasamu. Huyo bwana alinitazama kwa jicho moja, akarudi zake ndani. Mimi sijawahi kudharauliwa namna hiyo, na nimewahi kugombea kiti katika kamati ya maji.

3. Amekataa chakula cha watu. Nikajiambia, labda amechoka na vitu vya barafu, hali ya hewa yenyewe ni hii ya Molo. Nikampa mukimo wa viazi vya kupondwa, kidogo tu, kwenye ncha ya kijiko. Nikampa njahi moja, yale maharagwe meusi, iliyoiva kabisa, ile tunawekea wageni wakubwa na mama aliyejifungua. Hakugusa. Kilichofuata ni maji kuwa meupe kama ya kuosha mchele, ikabidi Becky, ambaye hukaa Nakuru, aje mbio na pakiti ya chumvi na mpira wa kunyonyea maji. Akaniambia, kwa sauti ambayo sikumfundisha mimi, kwamba nikirudia nitamuua. Nitamuua! Mimi nimepikia harusi na matanga tangu Becky nikimbeba mgongoni, na hakuna mtu amewahi kufa kwa chakula changu. Wale wa matanga nilikuta wamekufa tayari.

Hata hivyo mimi si mtu wa kukata tamaa. Nilirudi kwa vile vijidudu vyake, lakini sasa naviloweka kwanza kwenye maji ya kitunguu saumu, kwa sababu sijaona kiumbe cha Mungu kinachokataa kitunguu saumu. Becky alikiri kwamba hapo sikukosea, hata Khaemba hufanya hivyo samaki mgeni akisumbua. Nikafurahi, nikaketi tena kwa kiti changu kungoja. Jiwe, Mzee. Niliona jiwe tu.

4. Ameniharibia jina kanisani. Labda hujui kwamba mimi ndiye mkuu wa jiko la kanisa letu. Chai ya askofu, mimi. Mchele wa harambee, mimi. Sasa maneno yalitoka, sijui yalitokea wapi, kwamba kuna kiumbe nyumbani kwa Wamuyu, yaani kwangu, kimekataa kula. Akina mama wakaja kujionea. Tukalizunguka tangi, tukaomba, tukaimba wimbo mzima wa kushukuru kwa chakula, na wengine wakamsihi kwa kupiga makofi kidogo ili achangamke. Alijisokomeza kwa tundu la jiwe mpaka tukadhani tumempoteza. Ndipo Cheptanui, mwimbaji wetu wa sauti ya tatu, akasema kwa upole, ule upole wa kukata kama wembe, kwamba pengine ni chumvi imezidi. Chumvi! Huyo samaki anaishi ndani ya chumvi! Lakini kila mtu aliguna, na Jumapili nikasikia kwamba mhubiri mgeni wa mwezi ujao atapikiwa na Cheptanui. Hakuna aliyeniuliza. Nilisikia nikiwa naosha vikombe.

5. Ameleta ugomvi ndani ya ndoa. Kila nikiketi kumlisha, Hiram hupita nyuma yangu na kusema mwache, atakula. Hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu, paa likivuja, ng'ombe akigoma kutoa maziwa, hata mimi nikinuna. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu amekuja na mwenyeji amekonda. Wakasema pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Haya, nimpe jembe gani, na alishike na nini?

6. Sasa tufike kwenye mzizi, na naomba uketi kabla ya kusoma hapa. Tabia hii samaki hakuzaliwa nayo. Ameitoa kwa mwanao.

Ile siku mlipokuja, niliamka mapema nikapika vile sijawahi kupikia hata askofu. Wewe mwenyewe ulikula ukaongeza, Mungu akubariki, nilikuona. Lakini Khaemba? Nilimjazia sahani kwa mkono wangu. Nikasimama nyuma ya kiti chake na mwiko, ili ikipungua niongeze, kama inavyotakikana. Haikupungua. Alipeleka mdomoni kijiko kimoja, labda na nusu, akanywa maji, akaangalia kitambaa cha meza kama mtu anayesoma gazeti, jasho likimtoka, na Molo hii hatutokagi jasho. Nilimwambia kula mwanangu. Nikamwambia kwani ni kibaya? Nikamwekea paja la kuku juu ya lile lingine. Akasema asante mama, nimeshiba. Shangazi zangu wote walikuwa wanatazama.

Becky ananiambia ati kwenu mwanamume hatafuni mbele ya mama mkwe, ati ni heshima. Mzee, heshima gani hiyo ya kuacha kuku ipoe? Mimi nililichukua kama kisingizio cha mtoto anayempenda mtu. Na nitakwambia wazi, kwa sababu ukipenda kuwa mkwe wangu lazima uzoee: niliumia. Nilipoirudisha ile sahani jikoni ikiwa imejaa vile nilivyoijaza, nilisimama mbele ya jiko nikalia, na sikuwa na moshi wa kusingizia maana siku hizi napikia gesi. Upishi wa Becky ni wangu. Kila anachojua kupika alikijulia kando ya hilo jiko. Mtu akikataa mkono wangu, kesho atakula mkono wa binti yangu? Au nitakuwa nimempeleka mtoto wangu kwenye nyumba ambayo atakuwa akipika na kumwaga?

Waswahili husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wewe ulilea kijana, kijana akalea samaki pale Bondeni, na sasa samaki ananionyesha mlivyo. Mimi naona ni ushahidi tosha.

Kwa sababu hizo basi, naomba kwa heshima zote mambo yafuatayo. Kwanza, uje Molo wewe mwenyewe, ukae na samaki huyu kama mzee na mtoto, umuulize shida yake ni nini. Usiniambie hujui mambo ya samaki, na unakaa Ndabibi, ukitoka nje unaona Ziwa Naivasha. Pili, uniletee barua ya mzee wa kijiji, yenye muhuri, inayothibitisha kwamba Khaemba hula, na ikiwezekana anakula nini na mbele ya nani. Tatu, na hili ndilo zito, wale wajumbe wako waliopaswa kuja Jumamosi hii kuzungumzia mambo ya Becky wasije. Hatutazungumza lolote mpaka samaki ale mbele yangu, na mashahidi wakiwepo, mmoja wao akiwa Cheptanui. Akikataa mpaka mwisho wa mwezi, nitarudisha tangi, kimashine, punje, na kijana.

Becky amesikia uamuzi wangu na amekataa kushika simu zangu. Hata hivyo sirudi nyuma. Mama ana kazi ya kuona mbali hata kama anachoona ni jiwe.

Nisalimie mke wako, ambaye najua ni mpishi na atanielewa. Nisalimie majirani, watoto wa majirani, na yule mzee wenu aliyesinzia wakati wa maombi, mwambie hatukukasirika. Barua hii itakuja na lori la viazi linalopitia Naivasha leo. Dereva ni mtu wa kanisa, hataisoma yote.

Ni mimi, mwenye uchungu na adabu pamoja,

Wamuyu, Mama Becky,
Mkuu wa Jiko la Kanisa (bado sijajiuzulu).

N.B.

Mzee, nilikuwa nimeshaifunga bahasha. Nimeifungua kwa mvuke wa birika, na dereva wa lori anapiga honi huko barabarani, kwa hivyo nisamehe mwandiko.

Nilipomaliza kuandika nilimwekea samaki chakula chake cha asubuhi, kile cha kitunguu saumu. Sikumkaribisha. Sikumwambia neno, kwa sababu nilikuwa na hasira na nyinyi wote. Nikabeba ndoo nikatoka kwenda kukamua. Nilipofika zizini nikagundua nimesahau yale mafuta ya kupaka matiti ya ng'ombe, nikarudi kwa njia ya nyuma, nikapita kando ya dirisha la sebule. Nikatupa jicho.

Alikuwa katikati ya tangi, Mzee. Ametoka wazi kabisa, mkia unacheza, anakula. Alikula vyote. Kipande cha mwisho kilipoanguka chini alikifuata, akakigeuza, akakimeza, kisha akatafuta kingine. Chakula nilichokikata mimi kwa kisu changu! Nilisimama hapo na gambuti zangu kwenye matope, nimejishika mdomo. Nikakimbilia mlangoni ili nimpongeze. Nilipofungua tu mlango, akaingia nyuma ya jiwe. Nikarudi dirishani kwa kunyata. Akatoka. Hiram alikuwa amesimama hapo karibu na mimi, ameona kila kitu, na hakusema lile neno lake. Nitamkumbuka kwa hilo.

Nimewaza tangu hapo. Ile siku mlipokuja, mimi sikutoka sebuleni hata mara moja. Nilisimama nyuma ya kiti cha kijana na mwiko mkononi tangu sala ya kwanza mpaka ya kufunga. Hata kwenda kuleta maji nilimtuma mtu. Maskini Khaemba.

Basi futa malalamiko yote, isipokuwa lile la Cheptanui, hilo liache hapo. Barua yenye muhuri sitaki. Wajumbe waje Jumamosi vile tulipanga, nimeshamwambia Becky kwa ujumbe na sasa ndiye anayenipigia. Mwambie Khaemba aje nao, atakuta sahani yake kwenye kile chumba cha pembeni, imefunikwa, moto, na mlango unafungwa kwa ndani. Mimi nitakuwa zizini. Nimeapa mbele ya mume wangu kwamba sitachungulia dirishani, na Hiram ameahidi kunishika.