Kwenye Kinu cha Babu Hakumwagwi Kitu

Jumatatu, 3 Machi
Leo historia imeandikwa. Nimeingia kwenye kinu cha Babu, jengo la mawe alikosagia nafaka kwa nguvu ya maji ya mto, nikapika pipa la kwanza la bia yangu. Tarehe 29 kamati ya majengo ya kale itaamua nani apewe jengo: mimi na bia yangu, au dada yangu mdogo na chupa zake za achari ya matango. Sharti: kazi isiyochafua mto wala kutupa kitu. Maskini dada! Hajui anashindana na nani.

Alhamisi, 6 Machi
Machicha ya shayiri yamekwenda kwa nguruwe wa jirani. Maji ya kusuuzia masufuria nimeyaogea. Mke wangu kasema nanuka uji uliolala. Wivu tu. Nimeandika mlangoni kwa chaki: HAKUMWAGWI KITU. Herufi nzuri mno. Babu angelia.

Jumapili, 16 Machi
Pipa la kwanza limechachuka. Mke wangu kaonja, kakunja uso, kasema mwaga. Nimwage? Mimi? Na mlango umeshaandikwa? Akili ikanijia: nimeligawa kidogo kidogo kwenye mapipa matano mapya. Litapotelea humo. Dada akachungulia, akasema samaki mmoja akioza, wameoza wote. Nikamjibu kwamba mimi napika bia, sivui samaki. Nilimmaliza.

Alhamisi, 27 Machi
Mapipa matano, ladha moja. Kiwanda gani kikubwa kinaweza hivyo? Ladha yenyewe, kusema kweli, inatoa machozi. Nimekaa juu ya jiwe la kusagia, hapo hapo Babu alipokuwa akinipakata, na moyo umeniuma. Nikilikosa jengo hili nitaitazamaje picha yake ukutani?

Mchana dada kaja kuomba ndoo mbili za bia. Hata mpinzani kashindwa kujizuia! Nimempa, kwa huruma.

Jumamosi, 29 Machi
Kamati imefika, watu watatu. Mwenyekiti kanywa glasi kwa mkupuo, kisha kashika ukuta. Nikaeleza machicha, maji, chaki. Nilieleza vizuri sana. Hapo dada akafungua matango. Wakala. Wakaongeza. Mwenyekiti akauliza siki nzuri namna hii imetoka wapi. Dada akaninyooshea kidole.

Siki! Neno limenichoma hadi mfupani.

Uamuzi: jengo ni la dada. Mimi nibaki humo humo, fundi wake wa siki. Dada akanishika bega, akasema Babu angefurahi kutuona wote wawili ndani. Nikageuka upande. Vumbi la kinu liliniingia machoni.

Jumapili, 30 Machi
Nimetafakari. Chema chajiuza, na kamati imemaliza chupa nne za kazi yangu. Sasa mshindi ni nani? Mimi! Dada kaweka matango tu.

Ameniagiza siki ikae peke yake, bia ikae peke yake. Sawa, bosi. Asubuhi hii nimepika pipa jipya la bia, safi, tamu, ya kumshangaza mwenyekiti. Juu ya pipa palibaki nafasi ya ndoo moja. Na siki ya yale mapipa matano, baada ya kujaza mitungi yote ya dada, ilikuwa imebaki ndoo moja.

Nimemimina. Mlango umeshaandikwa.