Miche Ileile Mara Kumi na Tisa

Profesa hakuwa na digrii. Alikuwa na miwani. Siku bahati ilipomwona, alikuwa kwenye duka la kuchapisha mabango, akimbembeleza fundi amtolee kadi mpya za biashara, maana zile za zamani zilimwita mtaalamu wa mifugo na kuna mtaa mzima ulikuwa unamtafuta kwa sababu ya kuku. Akaingia ofisa uhusiano wa benki, mama wa viatu virefu, akaagiza bango la mita sita: TUNARUDISHA MIKOKO. Fundi akauliza wanairudishia wapi. Mama akakiri hapo ndipo penye shida: mkurugenzi anataka tope lililo karibu na lami, lenye maegesho na kivuli.

"Andika mtaalamu wa mikoko," Profesa akamnong'oneza fundi.

Wenye kumbukumbu wanajua kwamba mikoko ya ghuba ile haikuondoka kwa miguu yake. Ilikatwa ikawa nguzo na mkaa, kwa mikopo ya benki hiyohiyo. Sasa walikuwa wanarudi na glovu nyeupe kuomba radhi mbele ya kamera. Profesa akaona kumtapeli mtu wa namna hiyo si dhambi, ni kodi. Ndivyo alivyojieleza mwenyewe. Kila tapeli ana maelezo yake, na ya kwake aliyapenda sana.

Kazi ilikuwa nyepesi. Kando ya barabara palikuwa na tope ambalo maji yakijaa hulifunika kabisa, mche hauwezi kuishi pale hata mwezi. Wageni huvaa fulana, huchomeka miche mia nne, hupigwa picha, huondoka. Wakishaondoka, shangazi yake Profesa, mama mtega kaa, huing'oa yote na kuitia kwenye ndoo kusubiri wageni wengine. Ikawa hivyo kwa kampuni kumi na tisa, miaka mitatu. Kila kampuni ikiuliza miche yake iko wapi hupewa taarifa yenye muhuri, nakala ikibaki kwa shangazi: imehamishiwa ng'ambo ya kijito, inaendelea vizuri.

Mkurugenzi mmoja tu ndiye aliyepata kumbana.

"Hii itaota kweli?"

"Mheshimiwa, umeshapiga picha?"

"Nimeshapiga."

"Basi yako imeshaota."

Katika muda wote huo, mtaalamu wetu hakuwahi kukanyaga tope. Alikuwa na viatu vya ngozi, na kwake elimu ya mikoko iliishia pale lami inapoishia.

Hatimaye akachoka kudanganya watu, kama mwalimu anavyochoka chaki. Akaomba kumilikishwa ng'ambo ya kijito, tope tupu lisilo na mwenyewe, na mjenzi mmoja wa hoteli akakubali kulinunua. Akiba yake yote ikaishia kwa wapimaji. Likabaki sharti moja: afisa misitu afike, aone kwa macho yake kwamba hakuna mkoko hata mmoja. Ukiwepo, hakuna kiwanja, hakuna hoteli, na Profesa anarudi kwenye kuku.

Asubuhi ya ukaguzi maji yalikuwa yamekupwa. Afisa alivua viatu akavuka kijito, mjenzi nyuma yake. Profesa akabaki barabarani akipanga namna ya kupokea pongezi. Baada ya dakika kumi akaitwa kwa jina lake la cheti cha kuzaliwa, na hapo akajua mambo yameharibika. Akavua viatu, akaingia.

Ng'ambo kulikuwa na msitu. Mikoko ilimfika kifuani, imesimama safu kwa safu, na katikati yake shangazi alikuwa ameinama anatega kaa na wanawake wenzake sita, hana habari na mtu.

"Shangazi, umefanya nini?"

"Nimehamisha miche, mwanangu. Si ndivyo ulivyoandika?"

Akamweleza bila kuinua kichwa. Kila sherehe ilipokwisha waling'oa, wakaja kupanda huku ambako maji huingia na kutoka. Kwa sherehe iliyofuata waliokota mbegu mpya kwenye mikoko mizee ya mtoni. Tangu ghuba ikatwe walikuwa hawapati kaa wa kujaza hata sufuria, na kaa hawazaliani kwenye mabango. Profesa hakuuliza, nao hawakumsumbua.

Profesa akapiga hesabu polepole, akaona aibu yake yote: kumbe miaka mitatu amekuwa mtu mwaminifu na hakuna aliyempa taarifa.

Mjenzi alikuwa ameshageuka kuelekea kwenye gari lake. Afisa akatoa jalada, na ndani yake nakala za taarifa zote kumi na tisa, zilizoletwa ofisini na kikundi cha akina mama haohao, waliokuwa wanaomba kukabidhiwa msitu.

"Profesa, hizi ni za kweli au ni za uongo?" akauliza. "Zikiwa za uongo, kuna polisi. Zikiwa za kweli, tia saini hapa kama shahidi, eneo liwe lao."

Mtu aliyedanganya wakurugenzi kumi na tisa bila kupepesa jicho akaanza kutokwa jasho. Akamtazama shangazi. Shangazi akamfutia kalamu matope kwenye kanga, akampa.

"Za kweli," Profesa akasema, kwa sauti ya mtoto anayesingiziwa.