Mkwe Wangu Mgongoni, Katikati ya Mto wa Mamba

Kasongo, Alhamisi asubuhi

Kwa Ndugu Chadrack, Msimamizi wa Mchezo wa Mito Saba,
Kwenye kibanda chake cha kuchaji simu, karibu na soko.

Ndugu Msimamizi,

Baada ya salamu na heshima zote unazostahili, mimi ni Mama Hidaya, muuza mchele, meza ya tatu ukiingia sokoni. Katika mchezo wako wa simu unanijua kwa jina jingine. Mimi ndiye Kijana Mkia-wa-Chui, mwindaji, miaka ishirini na miwili, mrefu, hajaoa. Usishangae. Mwongozo wako unasema kila mchezaji achague mhusika asiyefanana naye hata kidogo, na mimi ni mtu wa kutii. Nilitii kupita kiasi, ndiyo maana leo nakuandikia.

Kwa miezi miwili nimesafiri katika kundi lako na Bibi Kizee Nyamulongo, mganga wa miti shamba, miaka sabini na tisa, magoti mabovu. Mimi naandika kwamba nimerusha mkuki, yeye anaandika kwamba ananifunga kidonda, nawe unaandika kama tumepona au la. Nilimpenda bibi yule, nasema wazi. Kumbe Bibi Kizee ni Iliasi wa Kabambare, mume wa binti yangu Malaika. Ni mkwe wangu!

Ilijulikana hivi. Ijumaa iliyopita nilikuwa nimembeba mgongoni, maji yamenifika kiunoni, mamba wako akaibuka. Kwa hofu Bibi Kizee akatuma sauti badala ya maandishi, na nyuma ya sauti hiyo nikasikia nyingine: "Iliasi, acha ile simu, mutoto analia, uji inaungua!" Sauti ile niliizaa mwenyewe. Kabla sijafikiri, nami nikajibu kwa sauti yangu, mbele ya kundi zima: "Malaika! Mutoto iko na nini?"

Tangu hapo Bibi Kizee hajaandika neno, wala Kijana hajaandika. Tumesimama katikati ya mto, mkwe mgongoni, leo siku ya sita. Na kanuni yako ya tisa inasema mhusika akinyamaza siku saba ataliwa. Maana yake kesho mimi na mkwe wangu tutaingia pamoja katika tumbo moja la mamba, jambo ambalo desturi yetu hairuhusu kabisa.

Wewe hujaoa, kwa hiyo nikueleze. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawali pamoja, hawaitani kwa majina, hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Iliasi akija Kasongo anakaa baraza ya mbele, mimi niko jikoni nyuma, na salamu zinapita kwa mtoto. Mwaka wa sita huu, ninachokijua ni viatu vyake na namna anavyopiga chafya. Siku moja nilimwona akitokea msikitini, nikaingia uani kwa watu nisiowajua na kujifanya natafuta mbuzi. Walinisaidia kumtafuta mpaka alasiri.

Sasa tazama kanuni zako zilivyonifanya.

1. Kanuni ya nne: wenzi wa safari wale chungu kimoja, la sivyo nguvu zao zinapungua. Nimerudia kusoma yote tangu mwanzo na kuhesabu milo thelathini na minane. Mlo wa ishirini, mkwe wangu alinyofoa paja la nyani akanipa mkononi. Niliandika kwamba nimelamba vidole. Watu arobaini na watatu walisoma kwamba nimelamba vidole.

2. Kanuni ya sita: mwenye nguvu ambebe asiye na nguvu. Nimembeba mara kumi na moja. Mara ya tatu alilalamika kwamba mgongo wa Kijana una mifupa. Ndugu Msimamizi, uliza mtu yeyote sokoni kama mgongo wangu una mifupa.

3. Kanuni ya kwanza, ya kuficha majina, ndiyo iliyoniua. Kwa kuwa sikumjua, nilimweleza Bibi Kizee habari za mkwe wa rafiki yangu mmoja (ni mimi) aliyeleta kuku wa Idi mwembamba hivi kwamba ukimpika unabaki na mchuzi na masikitiko. Bibi Kizee akajibu kwa upole kwamba labda kuku alikonda kwa kutikiswa kwenye pikipiki kutoka Kabambare. Nilipaswa kushtuka palepale. Kabambare mimi sikuitaja! Naye akanieleza habari za mama mkwe wa jirani yake, ambaye akikohoa nyuma ya ukuta, kikombe kinamponyoka mtu mkononi. Nilicheka sana. Nilimwita mama huyo chui wa jikoni. Chui wa jikoni ni mimi.

4. Hili naliandika kwa shida. Siku ile ya mvua, pangoni, Bibi Kizee alisema kuna mama mmoja ambaye, mwaka jana mtoto alipopata homa kali, alituma dawa kwa pikipiki, siku mbili za matope, mtoto akapona. Aliandika hivi: "Na asante sijamuambia mpaka leo, juu hakuna njia ya kumuambia." Kijana, yaani mimi, akamjibu kwamba labda huyo mama anajua. Ndugu Msimamizi, huyo mama alikuwa hajui. Alikuwa amekasirika mwaka mzima kwa kuikosa asante hiyo.

Kwa sababu hizo naomba, kwa unyenyekevu, kanuni zifuatazo ziingizwe leo, kabla ya mamba kula.

Kwanza, kila mhusika, hata kama ni jini au mti, aandike kwenye karatasi yake ameoa wapi na wakwe zake wanakaa mtaa gani. Pili, kila pango lijengewe ukuta katikati, na vyungu viwe viwili. Tatu, wakwe wakikutana katika hatari, apatikane mhusika wa tatu wa kupeleka maneno: Bibi amwambie mjumbe kwamba mamba anakuja, mjumbe aniambie mimi, nami nikipenda nikimbie. Mamba afundishwe kungoja.

Najua utauliza mjumbe atasimama wapi, maana mto ni wenye kina. Itabidi naye abebwe. Atakayembeba asiwe mkwe wake, na kwa hapa Kasongo mtu huyo ni vigumu kumpata, kwa sababu tumeoana sote. Wewe mwenyewe dada yako ameolewa kwa kina Ayoubu, na Ayoubu ndiye anayecheza yule nyoka wa vichwa vitatu aliyemuuma mhusika wako juzi. Nimelifikiria jambo hili tangu alfajiri, na njia ya haki ni moja tu: kila mchezaji apewe mto wake. Sisi ni arobaini na watatu, kwa hiyo mito iwe arobaini na mitatu, kila mmoja na mamba wake, na tusionane kamwe. Jina la mchezo utalibadilisha.

Nangoja jibu lako kwa heshima, na kwa maji ya kiuno. Nisalimie mama yako, na wote wanaoacha simu kwako, na Ayoubu kwa vichwa vyake vyote vitatu.

Mimi,
Mama Hidaya
(Kijana Mkia-wa-Chui)

Tena: Nilikuwa nafunga bahasha simu ikalia. Bibi Kizee ameandika. Nakunakilia kama ilivyo: "Mujukuu wangu, maji iko baridi na mamba anatuangalia. Ile asante ya dawa, ule mama ameisikia?" Ndugu Msimamizi, nimekaa na simu ile mpaka mteja mmoja akaondoka na mchele bila kupimiwa. Kisha Kijana amejibu: "Ameisikia, Bibi. Shika shingo, tunavuka." Tumevuka. Ng'ambo tumekuta moto na chungu kimoja, Bibi amegawa nyama, na paja nimekula mimi.

Barua hii uichane. Usiguse kanuni hata moja, na mto usiongeze. Iliasi akija Idi atakaa baraza yake, nami nitakaa jikoni kwangu, hatutaonana, kama inavyopasa. Na habari ya kuleta kuku mnono safari hii usimwambie wewe. Kijana atamwambia Bibi.