Si Mimi, Ni Dawa

Mutalemwa alikuwa tapeli mzuri mwenye kasoro moja tu: alitembea kwa miguu. Kichwa chake kilikuwa na mbio na ulimi wake ulikuwa na mbio zaidi, lakini miguu ilikuwa ya binadamu wa kawaida, na kila alipokamatwa alikamatwa na watu waliokula wakashiba kumzidi. Soko huria lilikuwa limeshafungua milango, sangara wa Mwanza wanapanda ndege kwenda Ulaya, na yeye bado anakimbia na viatu vyake. Kwa hiyo alipomsikia mhandisi mmoja wa Denmark, kwenye baa ya hoteli kule Capri Point, akisema anarudi kwao na yuko radhi kumwachia Honda yake yeyote atakayempatia kamera ya zamani ya Kijerumani, ile yenye macho mawili, moja juu ya jingine, Mutalemwa aliiacha soda ikiwa nusu. Haikuwa soda yake, lakini aliiacha.

Kamera hiyo alijua ilipo. Kule Igogo, kwenye nyumba iliyoegemea jabali, kulikuwa na studio ya marehemu Lwakatare, na mlango wake ulizuiwa usijifunge na mkoba wa ngozi ambao Mutalemwa aliwahi kujikwaa nao. Mjane, Bernadetta, ndiye aliyeendesha studio siku hizi, ama ndiye aliyeketi ndani yake, maana wateja walikuwa wamehamia mjini kwenye mashine za Wahindi zinazosafisha picha za rangi kwa saa moja.

Kwa heshima ya kazi yake, lazima isemwe hapa kwamba Mutalemwa hakukusudia kuiba. Wizi ni kazi ya watu wasiojua kuongea.

"Shikamoo, Ma Bernadetta."

"Marahaba, baba. Kama ni picha za pasipoti, karatasi zimeisha."

"Sikuja kwa picha, nimekuja kwa masikitiko." Akaonyesha mlangoni. "Hicho kinachozuia mlango si kamera?"

"Ni mke mwenzangu," alisema Bernadetta. "Marehemu alikuwa anaifunika blanketi huku mimi natetemeka na baridi. Sasa na yeye ajue sakafu ilivyo."

Mutalemwa alipiga goti, akaitoa kamera kwenye mkoba, akachungulia jicho moja, kisha la pili, akasonya kwa huzuni kubwa.

"Ukungu wa ziwa. Umeota ndani ya lenzi. Ukichelewa wiki moja itabaki ya kupondea karanga. Bahati yako, mimi nimesomea Ujerumani. Miaka minne, lenzi tupu."

"Na sehemu nyingine za kamera?"

"Hizo wanasomea wengine, mama."

Alijitolea kuisafisha bure, kwa kuwa wote ni watu wa Kagera na mtu kwao. Tena, ili mama asiwe na wasiwasi, angemwachia dhamana: kamera mpya nyekundu ya plastiki, yenye taa yake, aliyoipata kwa njia ambazo hadithi hii haina haja ya kuzifuata.

"Na ikishasafishwa itauzika?" aliuliza Bernadetta.

"Mama, nani anunue? Hizi zamani zake zimepita."

Hapo ndipo alipopaswa kunyamaza. Maneno yalikuwa yametosha, biashara ilikuwa imeiva. Lakini ulimi wa Mutalemwa ulipenda kusindikizwa na watu wakubwa.

"Hata rafiki yangu mhandisi wa Denmark, yule wa Capri Point anayeondoka kesho na kuacha Honda, ameniambia kwao wanazichezea watoto."

"Maskini. Anaacha Honda nzima?"

"Nyekundu, mama. Inang'aa."

"Mungu ambariki," alisema Bernadetta, akairudisha kamera mkobani na kuuchukua kwenda kuufuta vumbi.

Aliporudi alikuwa ameufunga ndani ya khanga kwa mafundo matatu, na Mutalemwa, aliyekuwa ameshaona ndani ya chumba cha giza cha kusafishia picha dirisha lililofunikwa kitambaa cheusi, alitoa masharti yake. Kazi ifanyike humo, kamera isione mwanga tena. Mlango ufungwe kwa nje mpaka kengele ya kanisa ya jioni. Na kwa kuwa alitaka mjane akae mbali na mlango, aliongeza sharti moja la kumtisha, ambalo alilitunga papo hapo na likampendeza mwenyewe.

"Dawa ya lenzi ni kali, inapanda kichwani. Unaweza kunisikia napiga kelele, naomba nifunguliwe, hata nalia. Usinisikilize. Si mimi, ni dawa."

"Hata ukilia?"

"Hasa nikilia."

Komeo lilipofungwa, Mutalemwa aligongagonga makopo kidogo ili ionekane kazi imeanza. Kisha akavuta kile kitambaa cheusi, akafungua dirisha, akatoa mguu mmoja nje, na goti likagonga jiwe. Jabali lilikuwa limeziba dirisha lote, na nafasi iliyobaki ingempitisha mjusi asiye na haraka. Marehemu Lwakatare alikichagua chumba hicho kuwa cha giza kwa sababu hiyo hiyo.

Akafungua khanga ili angalau ashike alichokuja kukichukua. Alipapasa ndani ya mkoba. Kitu cha kwanza kilikuwa kirefu, chenye pembe, kinateleza, akadhani ni sehemu ya kamera asiyoifahamu. Cha pili kilikuwa na nyuzinyuzi. Alivinusa vyote viwili: sabuni ya mche na dodoki.

"Ma Bernadetta! Fungua!"

"Imeanza," ilijibu sauti ngeni.

"Wewe ni nani?"

"Getruda, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa. Tupo akina mama kumi na wawili. Ma Bernadetta katuomba tukulinde mpaka dawa ishuke."

"Hakuna dawa! Ni mimi!"

"Alisema utasema hivyo."

"Yeye yuko wapi?"

"Kaenda Capri Point mara moja. Kuna mzungu anasafiri."

Mutalemwa aliupiga mlango kwa mabega yote mawili. Akina mama wakaanza litania. Kila alipogonga waliitikia "utuombee", na mdundo ulikolea hata mmoja wao akaanza kupiga makofi. Alipoishiwa nguvu alijaribu silaha ambayo hakuwahi kuigusa katika kazi yake, yaani ukweli.

"Sikilizeni! Mimi ni tapeli! Ujerumani siijui hata kwenye ramani! Nilitaka kutorokea dirishani na kamera ya mjane!"

Getruda akasema kwa uchungu, "Maskini kijana wa watu. Imempanda mpaka anajisingizia."

Wakaongeza sauti.

Kengele ya jioni ilipolia, mlango ulifunguliwa. Mutalemwa alitoka jasho likimtiririka, mikono inanuka sabuni, na mwanga mkali ukampiga usoni. Ulikuwa wa ile kamera nyekundu, ambayo Bernadetta alikuwa ameipitisha dukani kuiwekea mkanda wa picha. Nyuma ya mjane, juu ya stendi yake, ilisimama Honda, iliyosukumwa na vijana hadi mlangoni.

"Fundi, umesafisha?"

Akina mama kumi na wawili walimtazama kwa huruma. Aliona kwamba akilalamika, itambidi aeleze analalamikia nini.

"Nimesafisha, mama."

"Sabuni ilitosha?"

"Ilitosha."

"Ubarikiwe. Unajua kuendesha pikipiki? Mimi sijui, na Jumamosi nina harusi ya kupiga picha Kisesa. Nataka dereva."

Moyo wa Mutalemwa uliruka. Mama huyu, aliwaza, ana akili ya asubuhi tu, jioni inamwishia. Akakubali kazi kwa machozi, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli.

Jumamosi alimpeleka Kisesa na kumrudisha kwa adabu zote. Jumapili alimshusha kanisani, akasubiri wimbo wa mwanzo, kisha akawasha Honda na kuishika barabara ya kutoka mjini. Kwenye stendi ya Nyegezi aliona wapiga debe wanamtazama, wanatazama ukuta, wanamtazama tena. Ukutani kulikuwa na uso wake, wa rangi, mdomo wazi, macho yametoka kama ya sangara. Aligeuza pikipiki polepole, akarudi hadi kivuko cha Kamanga.

Picha ilikuwa imefika kabla yake. Akina mama wa jumuiya walikuwa wameisambaza, na chini yake iliandikwa kwa kalamu nene: HUYU NI MUTALEMWA, DEREVA WETU. MKIMWONA PEKE YAKE NA HONDA NYEKUNDU, MUULIZENI MAMA YUKO WAPI.

Mkata tiketi aliisoma yote kwa sauti, maana ndugu zetu wa pale kivukoni hawana haraka, kisha akaegemea dirisha lake.

"Eeh, Mutalemwa. Mama yuko wapi?"

Watu wa kwenye foleni waligeuka wote. Kila aliyegeuka alikuwa ameshaiona picha.

"Yuko kanisani," alisema Mutalemwa. "Nakwenda kumchukua."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza aliolazimika kuutimiza. Alifika kabla ya baraka ya mwisho, akapangusa kiti cha nyuma kwa shati lake, akamngoja.