Walezi wa Kuazima

Jumatatu, 10 Novemba 2025. Githongo.
Daktari amesema moyo umechoka. Nikamwambia moyo huu umefundisha shule ya msingi miaka mingi, una haki. Hakucheka.
Nitakufa, sawa. Lakini si kabla ya binti yangu Kinya kupata leseni ya kulea watoto. Kazi hii aliianza marehemu mama yake, Karwirwa, sebuleni petu, ili wachuma kahawa wasilaze watoto wachanga kwenye mashamba yaliyopigwa dawa. Siku hizi ni lazima leseni. Kinya amelipa ada, amenunua mtungi wa kuzimia moto, ameweka sinki fupi. Kuku wangu wote wameishia hapo. Limebaki sharti moja: kila watoto wanane, mlezi mmoja. Watoto ni ishirini na wanne. Mlezi ni Kinya. Afisa wa leseni anakuja Alhamisi!

Jumanne, 11 Novemba.
Gladwell wa ng'ambo ya barabara ana leseni, na walezi wanne wa mshahara. Ameitundika juu ya televisheni, mahali ambapo wengine huweka picha ya Yesu. Amemshauri Kinya aajiri watu. Kwa kuku gani? Kinya anasema basi atawarudisha wengine kwa mama zao. Nikageukia ukutani. Karwirwa hakumrudisha hata mmoja.
Nimepata njia. Nimewaazima bibi wawili wa kanisani, Nelius na Kajuju, kwa asubuhi moja. Wakae, watabasamu. Kinya hajui.

Alhamisi, 13 Novemba.
Afisa ni kijana mpole wa Embu, Nyamu. Alikuwa anasifu sinki Nelius alipoingia na wajukuu watatu. Nyuma yake Kajuju, na wanne, mmoja mgongoni! Nikamkodolea Nelius macho. Akanijibu kwa sauti ya kwaya: "Sasa Mwalimu, ningewaachia nani? Mama zao si wako kahawa!"
Nyamu akahesabu upya. Watoto thelathini na mmoja. Akamuuliza Kajuju ameanza kazi lini. "Leo," akasema Kajuju, "na sijapewa chai."
Nikainua mkono kwamba mlezi wa nne ni mimi. Nikasimama. Magoti yakakataa. Mjukuu wa Nelius akanishika, akanikalisha. Nyamu akauliza, kwa heshima kabisa, kama anihesabu upande wa walezi au wa watoto.

Ijumaa, 14 Novemba.
Kinya ameniletea uji bila sukari. Tumepewa hadi Jumatatu, Nyamu atakaporudi kuhesabu, la sivyo mlango ufungwe.
Jioni akaja Gladwell. Kumbe wanawe walilelewa na Karwirwa, kwenye zulia hili hili. Amesema atachukua kumi na sita hadi kahawa iishe, Kinya abaki na wanane. Kinya akalia, akakubali. Mimi nikajifanya nimelala. Watoto wa Karwirwa, chini ya televisheni ya Gladwell!

Jumapili, 16 Novemba.
Pumzi ni fupi. Mchungaji amekuja na meza ya Bwana. Nimeungama yote. Akauliza kama najuta. Nikasema najuta kwa moyo wangu wote uliobaki. Akanishika mkono, akafuta macho.
Na kweli najuta. Kuazima bibi! Bibi wa huku hatoki nyumbani bila mtoto mgongoni, nami ni mtu wa kusoma.
Wanaume hatubebi. Nimetuma ujumbe kwa wazee Murungi na Kailemia: kesho saa tatu, makoti yapigwe pasi, waje mikono mitupu.